Sura ya Nne: Aliyekula Chumvi Nyingi

Stendi ya Nyakanazi haina adabu. Hapo ndipo barabara ya Kahama, ya Kibondo na ya Biharamulo zinapokutana, na wapiga debe hukugombania kama mzigo. Lakini tulia usikilize wanavyoita watu. Kijana wa miaka 30 anashuka na begi la maana, viatu havina vumbi. Wanamvamia: "Mzee, Kahama hiyo? Mzee, siti ya mbele ipo!" Nyuma yake anashuka mwanamke wa miaka 70 na ushei, kabeba kikapu cha ndizi na kuku aliyefungwa miguu. "Bibi, pisha. Bibi, sogea gari litoke."

Kijana ambaye hajaota hata mvi moja kapewa uzee kama cheo. Mwenye uzee wenyewe kaambiwa apishe. Siku hiyo nilikaa pale saa nzima nikisubiri gari la Ngara, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuokota maneno.

Mzee, kwa Kiswahili, ni umri, lakini ni kiti pia. Mzee wa kanisa anaweza kuwa na miaka 40. Wazee wa baraza wanaokaa na hakimu kusikiliza shauri hawaombwi cheti cha kuzaliwa, wanaombwa busara. Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera, humu humu mkoani kwetu, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa vita kwa kuwaita wazee wa Dar es Salaam kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee na kusema nao. Marais waliomfuata wameishika desturi hiyo: jambo likiwa zito, rais anazungumza na wazee. Na msikilizaji wa redio aliyeko Rulenge au Nyakahura hahitaji kuambiwa kwamba walioketi mbele, wengi wao, ni kofia na kanzu. Ng'ambo ya mto Ruvubu, kwa Warundi, kiti hicho kina jina lake pekee: abashingantahe, waamuzi wenye fimbo iitwayo intahe, na mtu hutawazwa kwanza ndipo akikalie. Mvi peke yake haitoshi. Kiswahili hakikujisumbua kutenganisha, umri na kiti vyote kikavitia katika neno moja.

Sasa, sarufi haimkatazi mwanamke kitu. Mzee ni wa ngeli ya mtu na mtoto, hana jinsia. Mtu akisema "nakwenda kuwaona wazee wangu" anamaanisha baba na mama. Lakini njoo msibani. Nilikuwa kwenye mazishi upande wa Rulenge, msemaji wa familia akasimama: "Wazee, tunaomba msogee mbele." Wanaume sita wakainuka kwenye mabenchi. Mmoja wao nilisoma naye. Kwenye majamvi, kando ya migomba, walikuwepo akina mama watatu ambao kwa umri wangeweza kuwazaa wale sita wote. Hawakujitikisa. Wala sikuona uso wa aliyedhulumiwa. Walijua tu kwamba hawakuitwa.

Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu Novemba 1985 akiwa na miaka 60, na nchi ikamwita Mzee, Mzee Ruksa, jina alilobaki nalo hadi alipofariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 2021 akiwa na miaka 61. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaanza kuhesabu uzee kwenye miaka 60, kwa hiyo kisera naye ni mzee kamili. Sijamsikia mtu akimwita hivyo. Ni Mama. Mama ni heshima, sibishi, tena heshima kubwa. Ila ni heshima ya kuzaa na kulea, na kulea kuna mwisho wake. Mama akishamaliza kulea anakuwa nani?

Anakuwa bibi. Na bibi, ndani ya ua, ni neno tamu kuliko yote. Mjukuu wa kiume humwita bibi yake mchumba, bibi naye humwita mume wangu, kisha anamnyima chakula mpaka alete kuni, maana mume gani huyo asiyeleta kuni. Huo ndio utani wetu, na ndani yake bibi ana nguvu: anacheka, anatukana, anaamuru. Utamu huo ni wa nyumbani. Neno likishatoka nje ya ua, bibi linakuwa jina la yeyote mwenye mgongo uliopinda, asiyejulikana, aliye njiani mwa gari.

Mbele ya bibi yapo mengine: bibi kizee, ajuza, kikongwe. Ajuza alitujia kutoka kwa Waarabu akiwa na pacha wake wa kiume, shaibu. Pacha wa kiume amebaki kwenye kamusi na kwenye majina ya watu wenye heshima zao. Pacha wa kike bado anaranda kwenye hadithi za watoto, na kibuyu chake na kicheko chake kibaya.

Kikongwe ndilo ninalotaka kulikalia. Lina ki- mwanzoni, kama kipofu, kiziwi, kilema, kiwete. Walimu wa sarufi watanikatiza: mbona kijana, mbona kiongozi, mbona kinyozi? Ni kweli, ki- peke yake haitukani. Bi Kidude wa Unguja alibeba jina la kitu kidogo maisha yake yote, akaimba na kupiga ngoma hadi uzeeni kabisa, na alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyefikiri kwamba amekufa mtu mdogo. Tena sarufi yenyewe inaona haya kumgeuza mtu kuwa chombo: tunasema kikongwe amekufa, hatusemi kimekufa. Lakini fungua magazeti ya miaka thelathini iliyopita utafute habari za wazee waliouawa. Kwa mwanamume utakuta mara nyingi "mzee". Kwa mwanamke utakuta "kikongwe", na wakiwa wengi, "vikongwe". Mauaji ya vikongwe: tulilizoea neno hilo kama tulivyozoea kusema ajali za barabarani.

Wanaume wasishangilie mapema, maana uzee wenyewe hata wao wanaukimbia. Tunajisifu kuwa nchi ya shikamoo. Wengi husimulia kwamba neno hilo lilianza kama nashika miguu yako, na mpaka leo mtoto wa Ngara hapiti mbele ya mtu mzima bila kulitoa. Lakini mpe shikamoo mwanamke wa miaka 45 mwenye duka lake mjini uone. "Shikamoo ya nini? Unanizeesha!" Mwanamume wa umri huo ataipokea, kisha atakuuliza wewe una miaka mingapi, kuhakikisha hukumwonea. Na sifa nono unayoweza kumpa mtu mliyepoteana miaka kumi ni "wewe huzeeki!" Kama uzee ungekuwa heshima tunayosema ni heshima, huo ungekuwa msiba.

Halafu kuna "fainali uzeeni". Utaukuta msemo huo umeandikwa nyuma ya basi, kwenye khanga, kwenye ukuta wa kinyozi. Baba huutumia kumhimiza kijana aweke akiba, na hapo hauna kosa. Lakini unatumika zaidi kumcheka aliyeanguka: alikuwa na gari, sasa anaomba lifti, fainali uzeeni! Fainali ina mshindi na aliyefungwa. Kwa msemo huo, mzee maskini hakupunjwa bei ya kahawa, hakunyang'anywa shamba na ndugu wa mume, hakuzika watoto. Alicheza vibaya tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mwaka 1983 katika mkoa huu wa Kagera. Miaka iliyofuata, wanawake wengi wa miaka 60 na 70 walianza upya kubeba watoto mgongoni, wajukuu wasio na baba wala mama. Timu yao yote ilizikwa kabla mechi haijaisha. Nani atawaambia habari za fainali?

Lugha za mama za upande huu zina hesabu nyingine, na nilichelewa kuisikia kwa sababu nilizoea kuzidharau mbele ya Kiswahili. Ngara ni ya Wahangaza na Washubi. Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu kiasi kwamba tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa kama saa ishirini na nne, bibi zetu waliweza kuzungumza nao wakati maofisa wa misaada wakitafuta wakalimani. Biharamulo ina Wasubi, ina Wazinza, na ina Wasukuma wengi waliokuja na mifugo yao. Jirani zetu wa kaskazini ni Wahaya na Wanyambo.

Mhaya humwita mwanamume mzee omugurusi. Mwanamke mzee ni omukaikuru. Msukuma anasema namhala kwa mwanamume, ngikulu kwa mwanamke. Sikiliza jinsi majina ya wanawake yanavyoishia: kuru, kulu. Ni ile ile kuu ya Kiswahili, ya mkuu wa wilaya, ya sikukuu, ya barabara kuu. Omugurusi hana. Namhala hana. Mwanamke ndiye aliyezeeka kwa kuongezewa ukuu ndani ya jina lake.

Kiswahili nacho kina kuu, lakini kilifanya nalo jambo la ajabu: kililirudia. Kuu mara moja ni ukubwa. Kuu mara mbili, kuukuu, ni nguo ya kudekia.

Ningependa niishie hapo, nikuambie turudi kwenye lugha za mama na mambo yatakuwa sawa. Ningekuwa nakudanganya. Usukumani ndiko mwanamke mzee anakoitwa ngikulu, na ndiko, Shinyanga, Mwanza, Geita, pamoja na Tabora ya jirani, wanawake wazee walikouawa kwa mapanga kuliko mahali pengine popote nchini. Jina lenye ukuu halikumkinga. Na hofu hiyo haina kabila wala wilaya. Nimeyasikia maneno yake kwa Kihangaza na nimeyasikia kwa Kiswahili safi cha mtu aliyemaliza kidato cha sita.

Maneno yenyewe ni haya. Mtu aliyeishi miaka mingi tunasema amekula chumvi nyingi. Ni sifa nzuri, ina ladha ya jikoni, ya mtu aliyekaa kwenye masufuria ya dunia kwa muda mrefu. Lakini mtu anayeshukiwa uchawi naye, kwa kitenzi hicho hicho, tunasema anakula watu. Kutoka kwenye chumvi hadi kwenye watu ni hatua fupi sana, na anayevushwa mara nyingi ni mwanamke. Mjane aliyezika mume, akazika watoto wawili, akabaki peke yake na shamba zuri la migomba, atasifiwa asubuhi: "bibi yule ameona mengi, kawazika wote." Jioni, kwenye pombe ya ndizi, sentensi ile ile inarudiwa, ila sauti imeshuka: "Bibi yule... kawazika wote." Hakuna neno lililoongezwa. Kilichobadilika ni pumzi tu. Na macho yake ni mekundu, kila mtu kaona. Macho ya mwanamke aliyepuliza kuni mbichi kwenye mafiga matatu kwa miaka sitini yangekuwa na rangi gani?

Mkoloni wa Kiingereza alijaribu kuyazuia maneno kwa sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado imo vitabuni, inamwona mkosaji hata yule anayemnyooshea mwenzake kidole kwamba ni mchawi. Lakini watu hawasemi mchawi. Wanasema anajua mambo. Wanasema ana macho. Wanasema tumwogope. Hakuna askari anayeweza kukamata nukta tatu za kimya katikati ya sentensi.

Na sisi waandishi tuna deni letu. Tumeandika mara ngapi "kikongwe auawa kwa imani za kishirikina"? Itazame sentensi hiyo. Aliyeuawa hana jina, ni kikongwe. Aliyeua hayumo kabisa, zimekaa imani mahali pake, kana kwamba imani ziliamka usiku, zikachukua panga, zikavunja mlango. Kumbe mlango ulivunjwa na watu, wakati mwingine watu wa kukodiwa, wale ambao kanda ya ziwa wanaitwa wakata mapanga, na nyuma yao mara kwa mara amekutwa ndugu anayelitaka shamba. Kichwa cha habari kinachosema "mama auawa, mpwa wake asakwa kwa mgogoro wa shamba" hakizidi herufi nyingi. Kingempa polisi kazi na msomaji hasira. Cha "imani za kishirikina" kinampa msomaji kichwa cha kutikisa tu.

Nimekaa sana kwenye mapanga, na sikutaka sura hii iwe ya mapanga. Wanawake wengi wa Ngara na Biharamulo hawatauawa na mtu. Neno litakalowaumiza ni dogo zaidi, na linasemwa kwa upole.

Zahanati moja, sitaitaja. Bibi kaletwa na mjukuu, mtoto ameshika ncha ya fimbo, bibi kashika ncha nyingine. Foleni imempisha, maana kuna karatasi ukutani inayosema Mzee Kwanza. Tabibu ni kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Macho yana ukungu. Jioni sioni hata sufuria."

"Una miaka mingapi, bibi?"

"Uhuru ulipokuja nilikuwa nimeshaolewa."

Kijana akacheka, kicheko kizuri. "Basi bibi, hiyo ni uzee tu." Akaandika dawa ya maumivu, ambayo hakuna aliyekuwa ameiomba, kwa sababu mgonjwa hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Hakumwashia tochi machoni. Alimpa shikamoo, akamnyima uchunguzi. Na wote wawili waliridhika, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: bibi alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu hata yeye alikuwa akijiambia hivyo nyumbani. Ni uzee tu. Neno "tu" hapo ndilo tatizo lenyewe. Shinikizo la damu ni uzee tu, kisukari ni uzee tu, huzuni ya mjane asiyelala ni uzee tu. Likishatamkwa, daktari amemaliza kazi na mgonjwa hana haki ya kuuliza.

Miezi ikapita, ikaja huduma ya mkoba ya macho. Walikuta mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kiswahili chenyewe kilikataa kuuita ugonjwa huo uzee, kikauita mtoto, na upasuaji wake hauzidi saa moja. Siku ya kufunguliwa bandeji ya jicho la kwanza nilikuwepo. Nilitegemea amtazame mjukuu. Alitazama mikono yake, akaigeuza nyuma na mbele. "Kumbe nimezeeka!" akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka 2002, Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 660 wenye miaka 50 na zaidi katika mji mmoja wa Ohio, Marekani. Waliokuwa na fikra njema juu ya kuzeeka kwao waliishi, kwa wastani, miaka saba na nusu zaidi ya wale waliojiona wamekwisha. Ohio si Ngara. Lakini ukienda kwa bibi anayekataa dawa akasema "wapeni watoto, mimi nimeshakwisha", jiulize nani alimfundisha sentensi hiyo.

Tuje kwa serikali, maana nayo ina Kiswahili chake. Tangu Sera ya Afya ya mwaka 2007, mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatibiwa bure. Jambo jema. Hospitalini mtu huyo anaitwaje? Anaitwa wa msamaha. "Msamaha dirisha lile pale." "Wewe ni wa kulipia au wa msamaha?" Aliyetunga neno hilo alikuwa na maana ya kuondolewa ada, najua. Lakini Kiswahili hakina msamaha usio na kosa. Anayesamehewa ni mwenye deni, mwenye dhambi, mfungwa anayeachiwa siku ya Muungano, Aprili 26. Mwanamke amelima, amelipa kodi ya kila sabuni aliyonunua, amezalisha nusu ya kijiji, halafu anasimama dirishani kusamehewa. Kosa lake ni lipi?

Na ili asamehewe ni lazima kwanza athibitishwe kwamba hajiwezi. Hilo ndilo neno la pili, wasiojiweza. Lipo hadi kwenye vibao: Makazi ya Wazee na Wasiojiweza, ndivyo zimekuwa zikiitwa nyumba za serikali za kutunzia wazee, Kilima kule Bukoba, Bukumbi, Kolandoto na nyinginezo. Wazee na wasiojiweza, kama kuku na mayai. Ngara, naamini, tulijifunza neno hilo vizuri kuliko wilaya nyingine. Tangu kambi ya wakimbizi ya Benaco mwaka 1994 hadi kambi ya Lukole ilipofungwa mwaka 2008, tuliishi miaka kumi na minne jirani na orodha. Orodha za kaya, za walengwa, za makundi maalumu, za wasiojiweza. Mtu aliyejiweza hakuandikwa. Kwa hiyo wazee wetu, ambao hawakuwa wakimbizi, walijifunza somo kwa kuangalia ng'ambo ya uzio: ukitaka kuonekana, usijiweze.

Nimemwona bibi mmoja wa Biharamulo mwenye mbuzi watatu na ulimi mkali akienda kwa mtendaji wa kijiji kuandikishwa. Njiani alikuwa akitembea vizuri. Alipofika mlangoni aliinama, akaikamata fimbo kwa mikono miwili, na sauti ikawa nyembamba kama ya mtu mwingine. Alipotoka na karatasi yake akanyooka, akaniuliza kama nina lifti. Vijana waliokuwa pale walicheka, wakasema bibi muigizaji. Sikuona mchezo. Niliona mtu aliyelazimishwa kulikariri neno la ofisi kwa mwili wake, na nina wasiwasi kwamba mwili ukilikariri mara nyingi unaliamini.

Inawezekana kumpa mzee kitu bila kumwinamisha, na hatuna haja ya kwenda mbali kukuta mfano. Nshamba, wilaya ya Muleba, mkoa huu huu, kuna mradi ulioanza mwaka 2003 wa kuwapa wazee, wengi wao bibi wanaolea wajukuu, pensheni ndogo ya kila mwezi. Jina la mradi ni Kwa Wazee, basi. Hakuna wasiojiweza ndani yake. Tathmini yake ilitolewa mwaka 2008, na waandishi wake waliipa kichwa kilichotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa kuwa ndivyo vitu ambavyo fedha ile iliwawezesha kununua. Chumvi ilitajwa kwanza. Ile chumvi tunayosema wameila nyingi, wengi wao walikuwa hawana ya kutia kwenye maharage.

Kufikia sensa ya mwaka 2022 Watanzania wenye miaka 60 na zaidi walikuwa takriban milioni tatu na nusu, kati ya watu milioni 61.7. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, husimamishwa mtu jukwaani akasema kwamba wazee ni hazina ya taifa. Hazina, nijuavyo mimi, hufungiwa kwenye sanduku.

Zanzibar haikusubiri hotuba. Tangu Aprili 2016 kila mkazi wake aliyefikisha miaka 70 analipwa pensheni, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, mwanamume na mwanamke sawa, aliyekuwa mwajiriwa na asiyewahi kuajiriwa. Inaitwa Pensheni Jamii. Anayekwenda kuichukua anaulizwa umri wake na makazi yake. Haulizwi kama anajiweza.